Nani atamshika mama nikienda kuoga?

Mwaka juzi nilimtumia dada yangu ujumbe mrefu wa WhatsApp. Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa, anaishi Ngamiani, Tanga, na wakati huo alikuwa mwaka wa tatu akimuuguza mama yake mwenye dimenshia, hali ya kuharibika ubongo inayomfutia mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mimi niko Dar. Usiku ule nilikuwa nimekesha nikisoma, nikamwandikia kila nilichookota: usimbishie mama, mpe maji mara kwa mara, ondoa mikeka asije akajikwaa, mwimbie, mwoneshe picha za zamani, na wewe pia usijisahau, pumzika. Nikamalizia na video mbili. Jibu lilikuja kesho yake saa tano usiku: "Ahsante mdogo wangu, nimesoma yote. Sasa nani atamshika mama nikienda kuoga?"

Sikuwa na la kujibu. Nilituma kiemoji cha mikono iliyokutana, jambo ambalo hadi leo linaniaibisha.

Swali lile lilinifungua macho. Tunapozungumza habari za kuwasaidia watu wanaouguza wagonjwa wa dimenshia majumbani, huwa tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni kumfundisha anayeuguza: aelewe ugonjwa ni nini, mgonjwa anafanya vile kwa nini, na yeye afanyeje. La pili ni kumsaidia: mikono, muda, pesa, usingizi. La kwanza linatolewa hata kwa simu, ndiyo maana kila mmoja wetu yuko tayari kulitoa. La pili lina gharama. Ukitoa la kwanza ukaliacha la pili, umemwongezea mtu kazi, maana sasa anayajua yote anayotakiwa kufanya na bado yuko peke yake.

Hata jina hatujampa. Hospitalini kuna muuguzi, mwenye sare, zamu na mshahara. Nyumbani kuna anayeuguza: kitenzi anacho, cheo hana. Ukimuuliza anafanya kazi gani atakwambia "niko tu nyumbani." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ndugu na marafiki hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia mtu mmoja mwenye dimenshia, na asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Dimenshia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3 mwaka 2019, na karibu nusu ya fedha hizo ni thamani ya kazi hii ya watu walio "tu nyumbani."

Ugonjwa wenyewe

Dimenshia ni jina la hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali ya ubongo. Linalojulikana zaidi ni Alzheimer, lenye jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Huchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wengine ubongo wao umeharibiwa na mishipa ya damu, aghalabu baada ya viharusi, vikubwa au vile vidogo ambavyo mtu hakuvitambua, na nyuma yake utakuta presha au sukari ya miaka mingi. Kuna na aina nyingine, na kuna wenye aina mbili kwa pamoja. Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na hali hii, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo usikubali anayekwambia ni ugonjwa wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita, wakakuta kiwango cha asilimia 6.4. Utafiti mwingine wa hukohuko Hai ulikuta kwamba watu wengi, ndugu wa wagonjwa wakiwamo, waliichukulia hali ile kuwa ni uzee tu.

Kiswahili nacho hakijatulia juu ya jina. Wengine husema "ugonjwa wa kusahau", jina linaloeleweka haraka ila linapunja, kwa sababu kusahau ni sehemu moja tu. Mgonjwa hupoteza pia maneno, busara ya kuamua, haya, mwelekeo wa mchana na usiku. Mtu akisahau chumvi kwenye mchuzi, huo waweza kuwa uzee. Mtu aliyepika miaka hamsini anaposimama mbele ya sufuria asijue kinachofuata baada ya kitunguu, hilo ni jambo la kupeleka hospitali. Wajapani walikuwa na neno lenye kejeli ndani yake, wakaona linawafanya watu wafiche wagonjwa, na mwaka 2004 serikali yao ikalibadilisha rasmi. Sisi tunalo letu: "amerudi utotoni." Wengi hulisema kwa mapenzi, lakini humfanya mzee akaripiwe kama mtoto, azungumziwe mbele yake kama hayupo, achekwe. Tena si kweli. Mtoto kila siku anaongeza kitu. Huyu anapunguza.

Na anapunguza kwa utaratibu wake, jambo ambalo laiti dada yangu angelifahamishwa mwaka wa kwanza. Katika Alzheimer yanayofutika mwanzo ni ya karibuni. Chai aliyokunywa sasa hivi hakuinywa. Harusi ya mwaka 1968 anaikumbuka hadi rangi ya kanga. Dua na nyimbo alizozishika utotoni hukaa muda mrefu kuliko majina ya wajukuu. Ndiyo maana anauliza swali lilelile mara ishirini: jibu halikupata mahali pa kukaa, lakini wasiwasi uliozaa swali umebaki. Anayejua hivyo hujibu wasiwasi. Asiyejua hujibu swali, mara ishirini, na ile ya ishirini na moja anapiga kelele.

Hapo ndipo lilipo "nipelekeni kwetu."

Mama mkubwa alizaliwa ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Bweni. Kila magharibi ikiingia alikuwa akisimama, anajifunga kanga ya pili, anauliza: "Pantoni imeshavuka?" Dada alikuwa akimjibu ukweli. Mama, hapa Tanga, hii ndiyo nyumba yako, umeijenga wewe na marehemu baba, tazama, kitanda chako kile pale. Kila jibu lilizidi kumtia hofu, maana kwa hesabu yake kulikuwa na mwanamke asiyemjua anayemzuia asirudi kwao. Zilikuwa zikiisha saa mbili, tatu, wote wawili wakilia.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Sisi tunajua "nyumbani" na "kwetu" havilingani. Mtu anaweza kukaa Ngamiani miaka arobaini na akikuuliza kwenu wapi ukasema Pangani. Mgonjwa anapotaka kwao, mara nyingi anadai utulivu aliokuwa nao alipokuwa na mama yake na ndugu zake. Kumwonesha kitanda hakumjibu. Kilichokuja kumsaidia dada ni kuacha kubishana juu ya ramani. Pantoni ikiulizwa, naye anauliza: "Zamani mlikuwa mnavuka na nani, mama?" Mama mkubwa anaanza kuhadithia mashua na samaki, anaketi, chai inaletwa. Halafu taa inawashwa mapema, kabla giza halijaingia, kwa kuwa machweo huwasumbua wengi wa wagonjwa hawa: mwili umechoka, vivuli vimerefuka, macho hayaoni vizuri.

Je, huko si kumdanganya mzazi? Nimeulizwa hivyo na watu wacha Mungu, na si swali la kupuuza. Mimi naona kuna tofauti kati ya kumwambia "pantoni inakuja" na kumwuliza juu ya pantoni. La kwanza ni uongo mdogo ambao siku mbaya nisingemlaumu mtu kuutumia. La pili ni kumfuata mtu alipo. Na anayeuliza juu ya mume aliyefariki hana haja ya kupewa taarifa ya msiba kila jioni akafiwa upya.

Maji, kanga na mwiko

Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa ajili ya mke anayemuuguza mumewe katika nyumba ya watu wawili. Vinazungumzia bafu la manyunyu, vishikizo ukutani, na namna ya kumwandaa mgonjwa. Havimzungumzii mtoto wa kiume aliyebaki peke yake na mama yake mgonjwa, wala mkwe ambaye kumwona mama mkwe bila nguo ni jambo lisilotamkika. Kwetu uogeshaji ndio unaoamua nani anaweza kuuguza na nani hawezi, na mara nyingi ndio unaomwangukia binti mmoja au mke wa mtoto mmoja huku wengine wakijificha nyuma ya mwiko.

Mgonjwa kukataa kuoga kuna sababu zake. Maji ya kopo la kwanza huja ghafla na baridi. Amevuliwa nguo na mtu ambaye kwa dakika ile hamtambui. Sakafu inateleza. Sauti ya maji yanayotiririka humchanganya. Mwanamke wa pwani akihisi anavuliwa na mgeni atapigana, na angekuwa na haki ya kupigana.

Dada alifundishwa na jirani, mama mtu mzima aliyepata kuuguza, namna ambayo sikuikuta katika vile nilivyosoma. Kanga haivuliwi. Mama anaketi juu ya kiti cha plastiki akiwa amejifunga kanga kifuani, kama wanawake wanavyooga kisimani. Maji ya vuguvugu yanaanza miguuni, polepole, kopo akishikishwa yeye mwenyewe akiweza. Sabuni inapita chini ya kanga. Mwisho kanga kavu inafungwa juu ya ile mbichi, na ile mbichi inadondoshwa kwa chini. Hakuna dakika aliyobaki mtupu. Siku asipotaka kabisa, kitambaa cha maji ya vuguvugu usoni, kwapani na sehemu za siri kinatosha; hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga Jumanne. Baadaye niligundua kwamba wataalamu wa nje nao hushauri mgonjwa afunikwe taulo wakati wa kuogeshwa. Kanga ilishawatangulia.

Wanaume tusioweza kuogesha tuna mengi ya kufanya. Kulisha, ambako mgonjwa wa hatua za mwisho anaweza kuchukua saa nzima kwa bakuli moja la uji. Kukesha. Kunyoa wazee wa kiume na kuwapeleka haja. Kufua mashuka, kwani maji na Omo havina jinsia.

Jambo moja katika mafunzo yote ningelipigia mstari. Dimenshia ni ya polepole, miezi na miaka. Mgonjwa akibadilika kwa siku mbili tatu, jana alikuwa anatembea na leo analala tu, au ghafla anaona watu na kupiga kelele, usiseme "ugonjwa umezidi." Kuna kitu kingine juu yake: maambukizi ya mkojo, yaani UTI, nimonia, malaria, kukosa maji, kufunga choo, dawa mpya, au damu kichwani baada ya kuanguka. Mengi kati ya hayo yanatibika. Hata mwanzoni, kabla ya kukubali kwamba ni dimenshia, daktari anapaswa kuangalia tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, VVU, sonona, masikio na mtoto wa jicho.

Dawa nitazipita haraka. Zipo zinazopunguza dalili za Alzheimer kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa. Zile mpya za sindano, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi tu kwa walio hatua za mwanzo, na zinahitaji vipimo vya ubongo ambavyo wilaya nyingi hazina. Ninachotaka anayeuguza ajue ni habari ya dawa za kutuliza. Mzee anapopiga kelele usiku, familia huomba "kitu cha kumlaza," na wakati mwingine hupewa dawa zinazotumika kwa magonjwa ya akili, mfano haloperidol. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005, ikalipanua mwaka 2008, kwamba dawa za kundi hili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Kuna nyakati daktari ataona hana budi. Lakini zikiandikwa, ulizeni: za muda gani, na tunarudi lini kuangalia kama bado zinahitajika?

Mtaa nao unahitaji somo

Anayeuguza anaogopa ugonjwa, na anaogopa majirani. Mgonjwa wa dimenshia anaamka saa nane usiku, anatoka, anasukuma mlango wa nyumba ya tatu akidhani ni kwake, labda nguo hana. Katika jamii yetu mtu huyo ana jina tayari: mwanga, yaani mchawi wa usiku. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu yaliyowekwa na moshi wa kuni. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee nao wameuawa kwa tuhuma hizohizo. Siwezi kusema wangapi kati yao walikuwa wagonjwa. Ninachosema ni kwamba bibi anayezurura usiku akiongea na marehemu ana kila dalili ambayo mtaa wenye hofu unaitafuta, na binti yake analijua hilo. Ndiyo maana anamfungia. Na akimfungia kwa kufuli kwa nje, moto ukiwaka hakuna wa kumtoa.

Kwa hiyo kumfundisha anayeuguza peke yake ni nusu ya somo. Dada alichofanya ni kuzunguka mtaani mchana, akamtaja mama kwa ugonjwa wake: mwenye duka, balozi, mama wa vitumbua, vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mama anaumwa ubongo, mkimwona peke yake msimkemee, mwambieni "shikamoo bibi," tembeeni naye, nipigieni. Namba yake akaishona kwa uzi kwenye pindo la kanga zote. Mara mbili mama mkubwa alirudishwa na bodaboda, mara ya pili kijana akakataa nauli. Mbele ya salamu mama mkubwa hakuwahi kugoma. Heshima ilikaa ndani kuliko majina ya watoto.

Dada wa kazi wa nyumba ile, binti wa miaka kumi na tisa, hakuna aliyemfundisha kitu kwa miezi sita. Alikuwa akiitwa mwizi kila siku, kwa kuwa mama mkubwa alificha pesa kwenye debe la mchele na kusahau. Nusura aondoke. Alipoelezwa kwamba tuhuma za wizi ni sehemu ya ugonjwa na kwamba hakuna anayemshuku, alibaki.

Ni nini kinachopunguza mzigo kweli

Katika tafiti za miaka mingi kuna jambo limejirudia: kumpa anayeuguza maelezo tu humwongezea maarifa, lakini unafuu wake huwa mdogo. Kinachoonekana kufanya kazi ni mafunzo ya kufanya kwa vitendo, ya wiki nyingi, yanayoambatana na mtu wa kumpigia simu na ndugu wa kumpokea.

London kuna mpango uliopimwa unaoitwa START. Familia 260 zilishirikishwa, na zilizopewa mpango zilikutana na mkufunzi mara 8. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: wasiwasi na sonona vilipungua kwa wanaouguza, na tofauti ilionekana hata baada ya miaka 6. Kwa nchi yenye madaktari wa akili wachache linalovutia ni hili: waliofundisha hawakuwa mabingwa. Walikuwa wahitimu wa saikolojia waliopewa mafunzo maalumu na kusimamiwa. Mojawapo ya waliyofundisha ni kuandika: tabia imetokea lini, nini kilitangulia, nini kilifuata.

Hili nilimwambia dada, naye akachukua daftari la shule la mwanawe. Kulikuwa na tatizo: mama akibadilishwa nguo mchana anapiga kelele kwamba kuna bibi anamchungulia. Tulishaanza kusikia ushauri wa mganga. Daftari lilionesha kwamba bibi haji sebuleni, haji uani. Huja chumbani tu, upande wa kabati. Kabati lina kioo kirefu mlangoni. Mama mkubwa hakujijua tena kuwa ni mzee. Aliyemwona mle alikuwa mgeni. Kioo kikafunikwa kanga, na bibi akahama.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwaka 2019 mpango wa kujifunza uitwao iSupport, wenye sehemu tano, mojawapo ikiwa ni namna ya anayeuguza kujitunza mwenyewe. Kule Hai kulijaribiwa tiba ya vikundi kwa wagonjwa wenyewe, iliyobuniwa Uingereza: vipindi 14, mara mbili kwa wiki, wazee wakiketi pamoja wakiimba, wakizungumza, wakicheza. Ilibadilishwa ifae mazingira ya hapa, na wazee walionekana kuchangamka kiakili na kitabia. Kenya kuna shirika lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, Alzheimer's & Dementia Organisation Kenya, linalokutanisha familia zinazouguza katika vikundi.

Usidharau vikundi hivyo ukadhani ni vya kupigana moyo. Kuna mambo mtu hawezi kumwambia ndugu. Dada yangu aliniambia baadaye, miezi mingi baadaye, kwamba kuna mchana alimfungia mama chumbani, akaketi kizingitini na viganja masikioni mpaka kelele zikaisha. Hakuwahi kumwambia mtu. Nani angemwelewa? Sisi wa mbali tungeitisha kikao cha kumlaumu. Mwenye kuuguza mwenzake angemwuliza tu: siku hiyo ulikuwa umelala saa ngapi?

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa New York, wa Mary Mittelman na wenzake, matokeo ya mwaka 2006. Walifuatiliwa wanandoa 406 wanaouguza wenzi wao wenye Alzheimer. Nusu walipewa vikao 6 vya ushauri, kisha kikundi, kisha mshauri wa kupigiwa simu wakati wowote. Wagonjwa wa nusu hiyo walikaa majumbani kwao siku 557 zaidi kabla ya kupelekwa kwenye makao ya kulelewa. Mwaka na nusu. Na vile vikao 6, viwili tu vilikuwa vya anayeuguza peke yake. Vinne vilikuwa vya kuwaita ndugu, kuwaketisha chini, na kugawana kazi.

Yaani kikao cha ukoo!

Nilicheka niliposoma. Sisi ndio wenye vikao. Harusi ya mtoto wa binamu ina mwenyekiti, mhazini, kamati ya chakula na kundi la WhatsApp la watu mia mbili wanaokumbushana ahadi zao. Msiba unakusanya turubai na sufuria kwa saa tatu. Lakini mama anauguzwa miaka minane na hakuna aliyewahi kufungua kundi. Tunasubiri afe ndipo tuchangie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hili la dimenshia ni jepesi zaidi kwa mtazamaji kwa sababu mgonjwa anapotembelewa Jumapili hujikaza, husalimia vizuri, hata hutania, na wageni huondoka wakisema mbona bibi hajambo, wifi anakuza mambo.

Pesa ya serikali husaidia kidogo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Kenya kupitia Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo. Ni za mzee, na ni halali yake. Aliyeacha biashara ya maandazi ili amuuguze hana fungu, na kwa bei ya pampasi za wakubwa fedha hizo hazifiki katikati ya mwezi. Kwa hiyo tumerudi palepale, kwa ndugu.

Kikao chetu tulikifanya kwa simu, na kilikuwa kibaya. Kaka mkubwa alisema yeye anatuma pesa. Dada akajibu pesa haimgeuzi mama kitandani. Palikuwa na kimya, mtu akakata simu, akarudi. Mwisho tuliandika kwa majina. Kaka analipa msaidizi wa pili wa usiku. Mjukuu wa Muheza anakuja Jumatano. Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili napanda basi Ijumaa usiku, nafika Tanga alfajiri, na mama yuko mikononi mwangu na mwa jirani yule wa kanga hadi Jumapili mchana. Hakuna anayeruhusiwa kubadilisha siku bila kuleta mtu wa badala.

Jumamosi ya kwanza nilimwuliza dada atakwenda wapi. Alisema ana mpango wa kwenda sokoni, apitie kwa shoga yake, akatazame mtoto mchanga wa jirani. Alioga. Nilisikia maji yakimwagika muda mrefu, kopo baada ya kopo, huku mama mkubwa akiniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kisha dada aliingia chumbani kubadilisha nguo, na hakutoka. Saa kumi jioni nilichungulia: amelala juu ya kitanda, kanga mbichi bado kifuani, viatu vya sokoni vimepangwa sakafuni.

"Pantoni imeshavuka?" mama mkubwa aliniuliza.

Nikamwuliza zamani walikuwa wakivuka na nani.